Ukuta Uliobomolewa na Mabinti

Siku ambayo kuta za shule yetu zilikataa kukutana naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa na jiwe mikononi na wimbo mdomoni, na vyote viwili vikanishinda kwa wakati mmoja.

Lakini ngoja nianzie pale unapopajua. Jumapili iliyopita mjukuu wangu Mutheu, huyu anayeshona nguo kule viwanda vya EPZ Athi River, alikuja kunisalimia. Baada ya chai akanisomea kwenye simu mambo mnayoandikiana katika lile kundi lenu la wazazi na vijana wa shule. Nimeelewa kwamba kuna madarasa mapya ya JSS, ile sekondari ya chini, yanatakiwa kujengwa. Ninyi wa Chini mnataka yajengwe huku kwetu, na wale wa Juu wanataka yasogezwe kwao, karibu na lami. Kutaka si dhambi. Ila matusi yale! Nilimwomba Mutheu aache kusoma, maana hata chai ilianza kupoteza ladha.

"Susu, hao watu wa Juu ni wabaya," akaniambia mimi nyanya yake. "Ukiwaachia kidogo tu, hiyo shule itakuwa yao. Jumamosi tuko na mkutano, na tunataka wewe ukuje uwaambie shule ilijengwa na watu wa Chini."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mutheu akanitazama kwa huruma, akidhani uzee umeanza kuninyang'anya akili. Sikumjibu siku ile. Jambo la miaka mingi halijibiwi kwa kikombe kimoja cha chai, na tena yeye alikuwa anaiwahi gari ya kurudi kazini. Nakujibu leo kwa sauti hii ya simu, wewe unayenisikiliza katika kundi na wenzako wote, na ninaomba usikilize hadi mwisho, kwa sababu nitasema shule ile ilijengwa na nani, na jibu langu halitakufurahisha mapema.

Miaka ile, mwanangu, Uhuru ulikuwa bado unanukia upya na kila kijiji kilikuwa kinajenga kitu. Sisi hatukuwa na shule upande huu wa mto. Iliyokuwepo ilikuwa ng'ambo. Unaujua mto wetu: karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo, unauvuka huku unatafuna muwa. Halafu mvua inanyesha milimani, mbali, wewe huku juu yako ni jua kali wala huna habari, mara unasikia mngurumo. Ukiusikia mngurumo huo uko katikati ya mchanga, basi dua zako uzifupishe.

Mimi nilisoma ng'ambo kidogo tu. Siku moja nikitoka shuleni niliukuta mto umejaa. Nilisimama ng'ambo ile na ubao wangu wa kuandikia kifuani, baba yangu amesimama ng'ambo hii, tunaonana lakini hatusikilizani. Maji yalipopungua jioni alinivusha begani. Tulipofika nyumbani alisema basi, msichana huyu hatavuka tena. Nami sikuvuka tena. Nilikuwa napenda kusoma, mwanangu. Nililia wiki nzima, kisha nikashika jembe kama wenzangu.

Kwa hiyo nilipoolewa, nikapata binti yangu wa kwanza, Mwende, nilijiapia jambo moja. Huyu hatauvuka ule mto. Shule itamfuata upande huu, hata kama itabidi niibebe mgongoni. Na niliibeba kweli, jiwe kwa jiwe.

Sasa sikiliza mpangilio wa watu, ndio wenye kisa. Mteremko wetu ulikuwa na vijiji viwili, Juu na Chini, kama ulivyo leo. Juu walikuwa Waprotestanti, Chini tulikuwa Wakatoliki. Kila kijiji kilikuwa na mwethya wake, yaani kikundi cha wanawake wanaosaidiana kazi: leo tunakata matuta kwako, kesho tunabeba mawe kwangu, asiyekuja bila sababu analipishwa kuku. Mwethya hauendi bila wimbo. Kuna mwimbishaji, akiimba mkono unainuka, akinyamaza mkono unashuka. Mwimbishaji wa Chini alikuwa mimi. Sitajifanya mnyenyekevu katika hilo: sauti yangu ilikuwa inafika hadi Juu bila kutumwa.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Nzuki, alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Afisa wa elimu alikuwa ameahidi kuja mwisho wa mwaka. Akikuta darasa limeezekwa, shule ingefunguliwa Januari. Akikuta halijaezekwa, tungesubiri mwaka mwingine, au mwingine tena, kwa maana vijiji vilivyoomba shule vilikuwa vingi. Mzee Nzuki akawaza, akapata wazo lililompendeza yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Darasa lianzwe kujengwa ncha mbili kwa pamoja. Juu waanzie kona zao, Chini waanzie zao, wakutane katikati, na atakayechelewa aone haya. Mashindano, alisema, yatatupa mbio.

Mbio tulizipata. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini siku zile wahenga tuliwaacha nyumbani. Kila upande ulileta fundi wake. Fundi wa Juu hakuviamini vigingi vya fundi wetu, naye wetu hakuviamini vya yule, basi kila mmoja akapiga vigingi vyake na kuvuta kamba yake. Katikati ya kiwanja kulikuwa na rundo kubwa la mawe na mchanga ambalo wote tulilichota. Ukisimama upande huu huoni wenzako isipokuwa vilemba. Hatukusalimiana. Tulisikiana tu kwa nyimbo, na nyimbo nazo zilianza na Mungu, zikaishia kwa watu.

Kuna wimbo mmoja niliutunga papo hapo, nikiwa napokezana mawe na wenzangu. Ulisema fundi wa Juu ana macho mawili mazuri, lakini aliyasahau Tala sokoni siku ya gulio, na sasa anajenga kwa kupapasa. Wenzangu walicheka wakaurudia na kuurudia, na mawe yalipanda siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Rundo likapungua. Likapungua tena. Ndipo tukaona. Ukuta wetu wa mbele ulikuwa unakuja vizuri, umenyooka kabisa. Wa kwao nao ulikuwa unakuja vizuri, umenyooka kabisa. Ila haukuwa unakuja kwetu. Kuta mbili zilikuwa zinapishana kama watu waliokosana wanaokutana njiani, na kati yake mbuzi angeweza kupita bila kukwaruza mbavu. Tukakimbia kutazama ukuta wa nyuma, nao vilevile. Ndipo jiwe likanishuka mikononi na wimbo ukakatika.

Mafundi wawili walipima, wakapigiana kelele, wakapima tena. Mwishowe walikubaliana jambo moja, na walilisema kwa sauti ya chini kama watu wa msibani. Dawa ilikuwa kuvuta kamba mpya kutoka kona ya Juu hadi kona ya Chini, na kubomoa kila kisichoifuata. Maana yake kona zingebaki, na karibu ukuta wote wa katikati, wetu na wao, ulale chini. Kilichofika kifuani kirudi kwenye visigino.

Kazi haikuwa mlima. Mlima ulikuwa nani aanze. Watu wa Juu walisema hawagusi jiwe lao hadi watu wa Chini wabomoe kwanza. Watu wa Chini tulisema vivyo hivyo. Mzee Nzuki akasema basi Juu wabomoe wa Chini na Chini wabomoe wa Juu, nusura wampige mawe yaleyale ya shule. Ukuta wangu ubomolewe na adui? Kijiji kizima kilikuwa tayari kulala na rungu. Zamu za ulinzi zilipangwa, mwanangu. Watu walilinda ukuta uliopinda usije ukanyooshwa!

Wiki zikaenda. Mbingu ya kusini ikaanza kujaa. Nawe ujue kuta zile hazikuwa na saruji, tulizijengea udongo. Mvua ya Novemba ikizikuta bila paa, udongo ungeyeyuka, mawe yangerudi kuwa rundo, na afisa angekuta mahali ambapo watu waligombana. Kila asubuhi nilikuwa natazama mawingu, kisha namtazama Mwende akicheza uani. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini mimi nililima sana wiki zile wala hawakupatana.

Mama mkwe wangu aliitwa Kalondu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi, na mimi nilimwogopa kidogo, kama ilivyokuwa heshima. Jioni moja tulikuwa wawili jikoni, tunatwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa. Yeye alitwanga, mimi nilipepeta.

"Mama Mwende," akaniita, "ule wimbo wako wa fundi niliusikia. Ni mtamu."

"Asante, mwaitu," nikajibu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na nikafurahi kijinga.

"Hiyo ukuta umeitukana, mawe yake yalibebwa na nani?"

"Si hao watu wa Juu."

"Watu wako na majina. Nitajie mmoja."

Jina la kwanza lililonijia lilikuwa la mama yangu. Mimi ni mzaliwa wa Juu, mwanangu. Baba yangu, Nthenge, na boma lake, na kanisa nililobatizwa, vyote viko Juu. Niliteremka Chini kwa sababu ya ndoa tu. Na mama yangu mzazi alikuwa katika mwethya wa Juu, upande ule wa rundo, anabeba mawe mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso siku ile nilipokuwa naimba.

Kalondu aliweka mchi chini. "Mimi nilipeleka mbuzi kwa mama yako nikaomba msichana," akasema. "Nikapewa. Sikuomba mtu wa kumtukana kwa niaba yangu. Nani alikutuma?"

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Alinipa muda wa kuaibika kidogo, kisha akaendelea kwa sauti nyingine, kama anawaza tu mwenyewe. "Na mimi unajua nimezaliwa wapi? Juu. Na bibi ya huyo fundi wao? Ni wa hapa Chini, ni dada ya fundi wetu. Na yule mwimbishaji wao mwenye sauti kama kengele?"

"Ni wa hapa," nikasema. "Alikuwa jirani ya kina Baba Mwende."

Tukaendelea kutajana majina, huyu na huyu na yule, hadi moto ukazimika bila sisi kuona. Ukoo hauoani na ukoo wake, na vijiji viwili vya jirani vitaoa wapi kama si kwa kila mmoja? Karibu wanawake wote wa mwethya wa Chini walikuwa mabinti wa Juu, na wa Juu walikuwa mabinti wa Chini. Ukuta wa Juu ulibebwa na wasichana wetu. Ukuta wa Chini tuliubeba sisi, wasichana wao. Tulikuwa tumetukanana kwa bidii kubwa, kila mtu akiwatukana watu wa kwao.

"Sasa tufanye nini, mwaitu?" nikamuuliza.

"Binti akienda kwao, nani anamuuliza amefuata nini?" akajibu, akauinua mchi wake tena.

Neno hilo sikulielewa usiku ule, lakini asubuhi nililielewa kabla sijanawa uso. Kwetu, mwanangu, msichana aliyeolewa ana haki moja ambayo hakuna mahari inayoinunua. Akirudi nyumbani kwa baba yake hafukuzwi. Anakaribishwa, anapewa uji, na akishika jembe au kinu cha mama yake hakuna anayemwambia weka chini, si chako. Ni chake. Mcheza kwao hutunzwa. Mtu wa Chini hangeruhusiwa kugusa ukuta wa Juu hata kwa kidole. Lakini binti wa Juu?

Jambo hilo tulilipanga mtoni, kwenye visima vya mchangani, mahali ambapo wanawake wa vijiji vyote viwili huchota maji na hawana budi kungojana. Tulikuwa tunangojana kimya tangu ugomvi uanze. Siku ile Kalondu aliuvunja ukimya huo kwa kumsalimu mke wa fundi wa Juu, akamuuliza hali ya watoto. Mwanamke yule alikuwa amevimba kwa maneno aliyoyazuia. Yalipotoka yalitoka na machozi. Kufikia ndoo ya mwisho, mpango ulikuwa umekwisha kupangwa. Wanaume hatukuwaambia. Si kwa ubaya, ila wangeitisha kikao.

Siku tuliyochagua nilivaa nguo yangu ya kanisani. Nikajaza unga kwenye kiondo, maana binti haendi kwao mikono mitupu, nikamshika Mwende mkono, tukapanda. Njiani nilipishana na wanawake wa Juu wanateremka, nao wamevaa vizuri, nao na viondo vyao, kila mmoja anaelekea alikozaliwa. Tulitazamana tukabana vicheko. Nilifika kwetu, nikamsalimu baba, nikampa mama unga, nikanywa uji. Kisha nikasema nataka kwenda kuona ukuta wa kwetu. Mama alinitazama, akajifunga leso yake kiunoni, akanifuata bila swali.

Tulipofika kiwanjani, mabinti wa Juu tulisimama mbele ya ukuta wa Juu. Ncha ile nyingine, mabinti wa Chini walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wa Chini. Fundi wa Juu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nyinyi wa Chini! Msiguse hiyo ukuta!"

"Mimi leo si wa Chini," nikamwambia. "Mimi ni binti wa Nthenge. Nimekuja kwetu."

Akamgeukia mwenzangu, naye akasema ni binti wa fulani, amekuja kwao. Na wa tatu vivyo hivyo. Wa nne alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyeolewa Chini, na alikuwa anamtazama kaka yake kwa lile jicho la dada mkubwa. Fundi aliketi juu ya jiwe akavua kofia.

Nikaliondoa jiwe la kwanza. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Niligeuka na lile jiwe nikitafuta wa kumpa, na aliyenyoosha mikono alikuwa mama yangu. Nililia hapo hapo, mbele za watu, nikashindwa hata kuliachilia.

"Leta polepole, usiniponde vidole," mama akasema. Kisha akaongeza, bila hata kutabasamu, "Hayo macho ya fundi yamesharudi kutoka Tala, ama tuyangoje?"

Aiya! Kiwanja kizima kilicheka. Fundi mwenyewe alicheka, akajifuta uso kwa kofia. Ncha ya pili walisikia kicheko wakatuma mtu kuuliza, wakaambiwa, nao wakacheka. Baada ya hapo hakukuwa na la kuzuia. Hakuna kijiji kilichoshindwa, kwa maana kila ukuta ulibomolewa na watoto wake wenyewe. Jioni kamba mpya ilikuwa imevutwa kutoka kona hadi kona, na mafundi wawili walikuwa wamepiga magoti juu yake, shemeji kwa shemeji, kila mmoja ameshika ncha yake.

Tulijenga upya kwa mwethya mmoja. Swali likawa tuimbe nini. Nyimbo za kanisa letu wazee wa Juu hawakuzitaka, na za kwao wazee wa Chini hawakuzitaka. Mwimbishaji wa Juu na mimi tulikaa kando kidogo, tukachagua nyimbo za harusi, zile za kumchukua bibi harusi kwao. Hizo kila mwanamke pale alikuwa amewahi kuimbiwa. Mawe yalipanda kwa nyimbo za harusi, mwanangu, na wanaume walileta mbao na mabati wenyewe bila kuitwa. Mvua ilitukuta paa limefunika, ingawa milango ilikuwa bado na sakafu ilikuwa udongo. Afisa wa elimu alikuja na viatu vimejaa matope, akasimama ndani, akasikiliza mvua juu ya mabati. Akasema Januari mfungue.

Mwende aliingia darasani Januari ile akiwa na sare niliyomshonea kwa mkono. Kisha mvua za masika zikaja, na siku moja nilikuwa shambani napalilia, jua linawaka, nikasikia mto unanguruma. Nilitupa jembe. Nilikuwa nimeshakimbia hadi kwenye mpaka wa shamba ndipo nikakumbuka. Mtoto wangu hakuwa ng'ambo. Alikuwa pale juu, mahali ninapoweza kuona mabati yakimeta, na upepo ulipogeuka niliwasikia watoto wakiimba hesabu zao, wala hawakukatiza kwa sababu ya mto. Nilikaa chini kwenye matuta nikacheka na kulia kwa pamoja. Halafu nikaokota jembe langu, nikaendelea kupalilia.

Hiyo ndiyo historia ya shule yenu. Madarasa mengine yalifuata, mengine kwa matofali, mengine kwa mfuko wa eneo bunge, yamepakwa rangi na majina ya wafadhili. Mwende alisoma pale hadi akamaliza, akawa muuguzi, akalea watoto kwa mshahara wake. Wametoka walimu pale, na madereva, na wakulima wazuri, na hao wanaoamka alfajiri kuiwahi kazi Athi River. Lile darasa la kwanza sasa ni stoo ya jikoni ya shule. Ukuta wake umenyooka, nimehakikisha.

Basi unaniuliza shule ilijengwa na nani. Ilijengwa na watu wa Juu walioolewa Chini, na watu wa Chini walioolewa Juu. Jumamosi nikisimama mkutanoni nitasema hivyo, na anayetaka kuchukua sehemu yake aje anionyeshe ni jiwe gani.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, nayo iko wazi. Kabla hujamwita mtu adui, mtaje jina, kisha utaje jina la mama yake. Mara nyingi utakoma hapo. Ukiona jambo limepinda, usingoje mwenzako aanze kubomoa. Bomoa la kwenu wewe, na ulibomoe ukiwa umevaa vizuri, kama mtu aliyekwenda kusalimia. Usidhani kujenga ndiko kugumu. Jiwe lolote hupanda. Kinachowashinda watu ni kulishusha jiwe walilolipandisha kwa jasho lao, na kijiji kinachoweza hilo hakuna kitakachokishinda. Nami najua mtaweza, kwa sababu damu iliyoweza bado iko mwilini mwenu, haijaenda mahali.

Na kwa mambo ya kutenda, si ya kusikia tu: Jumamosi mkitaka msemaji wa Chini, msimtume kijana mwenye sauti kubwa. Mtumeni mke aliyezaliwa Juu. Waambieni Juu nao wamlete binti wetu mmoja aliyeolewa kwao. Wakae wawili hao kwanza, wanywe uji, waulizane hali za mama zao, ndipo wazungumze madarasa yakae wapi. Watakapoinuka, mkubali walichosema, hata kikiwa karibu na lami.

Nawe Mutheu, yale uliyoyaandika kwenye simu ukayafute. Nimesikia nani amekuwa akikusindikiza hadi kituo cha gari kila Jumapili, na najua anakotoka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Siku si nyingi watu wa Juu watafika kwenye mlango huu wakiswaga mbuzi, wakisema wameona ua zuri kwetu. Sitaki waliotukanwa na ua hilo wawe ndio wanaoshika kamba za mbuzi hao.

Ningekuwa karibu nanyi wote ningewatemea mate kifuani, kama wazee wetu walivyotubariki. Kwa kuwa niko mbali, pokeeni kwa maneno. Mvua iwakute mmeezeka. Mto ungurume nanyi mko upande wa salama, na watoto wenu wasikatize somo. Mabinti wenu wanaoondoka wakaribishwe huko waendako, na wanaokuja kwenu msiwafanye wasahau walikozaliwa. Mkazae, mkalime, mkavune, mkajenge, na mwanamke yeyote akigonga mlango wa kwao akute umefunguliwa kabla hajaweka kiondo chini. Amina, wanangu.